Mfumo wetu wa michakato unauzika Dar, ukivuka Namanga unakufa. Wa Bolivia na Afrika Kusini walipitaje?

#1 FundiKurasini

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo linaninyima usingizi. Tuko watatu, ofisi yetu Kurasini, na huu ni mwaka wa sita tunatengeneza mfumo wa kusimamia michakato ya kazi. Ombi linaingia, linakwenda kwa mtu wa kwanza, akipitisha linasogea kwa wa pili, likilala mezani kwa mtu zaidi ya siku mbili mfumo unamkumbusha, na bosi anaona kila jalada limekwama kwa nani. Tulianza na wakala mmoja wa forodha. Leo tuna wateja 11: mawakala wa forodha, SACCOS tatu na hospitali moja ya binafsi. Hapa Dar hatujawahi kupoteza mteja.

Tukajipa moyo. Kigali mwaka 2022 tulipata majaribio ya miezi mitatu. Yalipoisha wakashukuru, wakarudi kwenye Excel na WhatsApp. Nairobi tumeonyesha mfumo kwa kampuni mbili, watu wakapiga makofi, wakaomba bei, tukatuma, kimya mpaka leo.

Kinachoniuma ni hiki. Mifumo mingine ya aina hii imefika mbali: ProcessMaker ilizaliwa La Paz, Bolivia. Bizagi ilianzia Bogotá mwaka 1989. K2 ilitoka Afrika Kusini. Hao nao hawakuzaliwa kwenye utajiri wa California, na programu zao zinatumika mabara yote. Mimi nadai bidhaa yetu haina kasoro, tulichokosa ni fedha za kutangaza. Mwenye maoni tofauti aseme.

#2 Mwanakwetu77

Naweka kiti hapa. Uzi wa maana.

#3 BintiNyali

Shukrani kwa mada. Niko Mombasa, kazi yangu ni ununuzi, na mwaka jana nilikataa mfumo wa aina hii (si wenu, ulitoka mbali zaidi). Matangazo hayakuhusika kabisa.

Walikuja na mchoro mzuri, ombi linaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku. Nikauliza maswali matatu. LPO (hati ya kuagiza mali) ikishapitishwa, ankara ya msambazaji inaoanishwa vipi na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya? Wakatazamana. Mkurugenzi akiwa safarini Kisumu, anapitishaje? Wakasema atapakua programu kwenye simu. Mkurugenzi wetu ana miaka 63, anajibu WhatsApp peke yake. La mwisho: mfumo ukilala saa nne usiku na meli imeshafunga gati, nampigia nani? Wakanipa anwani ya barua pepe.

Hapo nikafunga daftari. Wewe Nairobi uliacha namba ya nani?

#4 Shabani_wa_Posta

Dada BintiNyali una hoja, lakini mimi nasimama na mleta mada. Bila mtaji hutoki. K2 yenyewe nadhani ni ya Australia, na Waaustralia wana fedha.

#5 KodiHuria

Mkuu Shabani umechanganya mbili. Nintex, kampuni nyingine ya mifumo hii, ndiyo ya Australia: Melbourne, 2006. K2 ilianzishwa Johannesburg mwaka 2000, baadaye ikahamishia makao yake jimbo la Washington, Marekani, na Nintex wakainunua 2020.

Ukiziangalia zote mbili, zilipita mlango mmoja. Zilijengwa juu ya SharePoint (programu ya ofisi ya kutunza na kushirikiana nyaraka) na bidhaa nyingine za Microsoft, kwa hiyo ofisi yoyote duniani iliyokuwa tayari na SharePoint ilikuwa nusu mteja, na aliyeipelekea ni muuzaji wa Microsoft wa mji uleule, anayejulikana pale. Bizagi wakaenda kivyao: chombo cha kuchorea michakato wakakitoa bure. Mchambuzi akishazoea kuchora humo, siku bosi wake anataka mchoro ule ufanye kazi kweli, jina la kwanza kichwani mwake ni Bizagi. ProcessMaker mwaka 2008 wakatoa toleo la programu huria, mtu anaweka kwenye seva yake bila kumuuliza mtu.

Gari tatu tofauti. FundiKurasini, wewe umepanda gari la nani?

#6 FundiKurasini

KodiHuria, hatujapanda la mtu. Wateja wetu hawana SharePoint. Wana simu na kaunta buku.

BintiNyali, tuliacha namba yangu. Ya Tanzania. Nimeanza kukuelewa.

#7 Mchambuzi_Hamburg

Salaam kutoka Hamburg. Nafanya kazi ya michakato kwenye bima.

Kwenye orodha hiyo ongezeni Camunda. Walianza Berlin mwaka 2008 kama washauri: wanakaa na mteja, wanachora kazi zake, wanalipwa kwa siku. Mwaka 2013 ndipo wakatoa injini yao huria, yaani programu inayoendesha michakato, waliyoimega kutoka Activiti, programu huria nyingine. Mwekezaji mkubwa alikuja 2018 na euro milioni 25, kisha 2021 zikaja milioni 82. Yaani miaka kumi ya kwanza walikula jasho la ushauri. Kwa hiyo hoja ya "fedha kwanza" kwangu haisimami.

Lakini kuna kitu kwenye #1 kimenishtua. Umesema kwa fahari kwamba bosi anaona jalada limekwama kwa nani. Hapa Ujerumani sheria ya mabaraza ya wafanyakazi, kifungu cha 87, inalipatia baraza sauti juu ya chombo chochote cha kiufundi cha kufuatilia mwenendo au utendaji wa mfanyakazi. Bila baraza kuridhia, mwajiri hawashi mtambo. Nimeshuhudia mradi ukisimama miezi saba mpaka jina la mtu likatolewa kwenye ripoti, ikabaki idara tu. Sifa unayouzia Dar ndiyo inayozuia mauzo hapa.

#8 BintiNyali

Hata Mombasa, Mchambuzi. Sheria hiyo hatuna, lakini makarani wanayo mioyoni. Mfumo unaowaanika kwa bosi watauzungushia karatasi pembeni mpaka ufe.

#9 MhasibuKariakoo

Naomba kurudi kwenye bei, maana naona mnapita mbali.

Fundi, bei uliyotuma Nairobi ilikuwa kwa dola na kwa kichwa cha mtumiaji, nina uhakika. Matokeo ya bei kwa kichwa nayajua: kampuni ya watu 40 inanunua vichwa vitano, watu wanane wanatumia nywila moja, na mkaguzi akija hakuna anayejua nani alipitisha malipo. Mfumo wa idhini ukishafika hapo umekufa ingawa taa inawaka.

La pili ni kodi ya zuio. Mteja wa Kenya akimlipa mtu wa nje ada ya leseni inayohesabika kama mrabaha, anakata asilimia 20 kabla ya kutuma. Uliiweka kwenye hesabu? Kama hukuiweka, ama wewe unaumia ama yeye anaombwa aongeze, na mhasibu wake anamwambia bosi "tuachane nao". Hilo halisemwi kwenye barua pepe. Ndicho kimya ulichopata.

#10 SeyyidMatrah

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, asili yetu Pemba.

Bei ni kweli, lakini nataka niwape kisa cha kalenda. Kampuni niliyokuwa nayo ina ofisi Muscat na Dubai. Oman tangu Mei 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Imarati tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikali inafanya nusu siku. Tukaletewa mfumo kutoka Ulaya, una kalenda moja tu kwa kampuni nzima. Ombi la Alhamisi jioni linahesabiwa siku mbili za kazi, Ijumaa ikiwemo. Basi Ijumaa mchana, watu wako msikitini, simu ya meneja wa Muscat inalia: muda wako unakwisha. Akauzima ujumbe wote, wa haki na usio wa haki.

Na Kiarabu sio kugeuza maneno tu. Fomu nzima inaanzia kulia, mishale ya hatua inakwenda kushoto, kitufe cha "endelea" kinakaa upande mwingine. Wao waligeuza maandishi, mishale wakaiacha. Mtu anasoma huku, mshale unamvuta kule.

Fundi, mfumo wako unahesabu vipi siku za kazi?

#11 KigaliKaribu

Kabla hajajibu hilo: majaribio yenu ya Kigali mwaka 2022 yalikuwa miezi gani?

#12 FundiKurasini

Katikati ya Machi hadi katikati ya Juni. Kwa nini mkuu?

#13 KigaliKaribu

Fungua kumbukumbu za mfumo, angalia tarehe 7 Aprili na wiki iliyofuata. Halafu urudi.

#14 NyayaZaBahari

Wakati tunamsubiri, mimi naleta sababu nyingine: seva iko wapi? Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, Tanzania na majirani wakaumia. Ghala ninalofanyia kazi Tegeta, idhini ya kutoa mzigo ilikuwa kwenye seva ya Ulaya. Malori yalipanga foleni, mlinzi hafungui geti mpaka mfumo useme ndiyo, na mfumo haufunguki. Siku ya pili meneja akarudisha kitabu cha stakabadhi za mkono, na kitabu hicho hakijaondoka mezani mpaka leo.

Kuna na sheria. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sisi tuna ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zina masharti ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya nchi. Ukimwekea Mkenya data yake Kurasini, mwanasheria wake lazima aulize.

#15 KodiHuria

NyayaZaBahari, kukatika kwa siku kadhaa hakuelezi kimya cha mwaka mzima. Halafu Amazon wana vituo vya data Cape Town tangu 2020, hulazimiki kwenda Ulaya. Mimi bado naona kina Fundi hawana njia ya kupitia. Wangefuata BPMN, lugha ya kuchorea michakato iliyowekwa na taasisi ya viwango ya OMG mwaka 2004, mteja angekuwa na amani kwamba akiwaacha anaondoka na michoro yake.

#16 Mchambuzi_Hamburg

Leo zamu yako kusahihishwa, KodiHuria. Toleo la 2004 lilikuwa la taasisi nyingine, BPMI. OMG waliichukua BPMN taasisi hizo mbili zilipoungana mwaka 2005. Toleo la 2.0 lilitoka Januari 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha ISO, namba 19510.

Na amani hiyo ni nusu. Mchoro unahama, lakini fomu, haki za watumiaji na viunganishi na mifumo mingine vinabaki nyuma. Hata uhuria unabadilika: Camunda 8, kuanzia toleo la 8.6 la Oktoba 2024, kuitumia kwenye kazi halisi unahitaji leseni ya kulipia.

#17 KodiHuria

Nimepokea sahihisho. Asante.

#18 MzeeWaMasijala

Vijana, shikamooni mnaostahili na marahaba kwa wengine. Nimestaafu. Miaka 31 serikalini, tisa kati ya hiyo masijala.

Mnazungumza kana kwamba mchakato umeletwa na kompyuta. Jalada lilikuwa na namba, kila barua ndani yake ina namba ya folio, mbele kuna karatasi ya madokezo. Mdogo anaandika hoja, anamwelekeza mkubwa, mkubwa anaandika chini yake, jalada linashuka. Karani ana daftari la kuonyesha jalada liko meza gani. Utaratibu ule tuliurithi kwa Mwingereza, na Kenya, Uganda, Zambia na Ghana waliurithi kwa huyohuyo. Kwa hiyo, mwanangu Fundi, usipime soko kwa kilomita. Pima kwa ofisi ilirithiwa kwa nani. Pengine Lusaka na Accra ni karibu kwako kuliko Kigali.

#19 BintiNyali

Shikamoo mzee. Huku kwetu ni masjala, mahakamani utalisikia neno hilo kila siku. Lakini kwenye kampuni binafsi karani kijana halijui wala halitumii. Ukimwekea kwenye kioo cha kompyuta atauliza ni duka la nini.

#20 LushoisMoja

Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi. Mzee amesema kweli kabisa, na huku iko tofauti. Huku sekretari ana kitabu kigumu, kurasa zake zina matundu katikati. Anapanga humo barua zote za siku, anaingia kwa mkubwa mara moja, mkubwa anatia sahihi zote kwa mkupuo, kitabu kinatoka. Mfumo unaomletea mkubwa ombi moja moja, mara 40 kwa siku, ataona ni kero. Anataka kitabu chake: saa kumi, vyote pamoja. Tena tuko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, hesabu zinafuata mpango wake, na malipo ni ya franka na dola katika ankara moja. Kutafsiri kwa Kifaransa peke yake haitoshi.

#21 Hananasif_Msimbaji

Ya LushoisMoja imenikumbusha Wajapani, niliwafanyia kazi kwa mbali miaka miwili. Wana kitu kinaitwa ringi. Pendekezo linaanzia kwa mtu wa chini, linapanda ngazi, kila mmoja anagonga muhuri wake mdogo. Mwaka 2020 waziri Taro Kono aliziambia wizara ziache mihuri isiyo ya lazima. Programu za Kimagharibi zilifika na vitufe viwili, "pitisha" na "kataa". Mjapani hataki kumkataa mwenzake mbele ya watu, anataka kulirudisha pendekezo kwa yeyote wa nyuma likarekebishwe, bila doa. Kuna kampuni ya Kyoto, Questetra, ya 2008, na nyingine za nyumbani, ambazo mazoea hayo hazikuhitaji kufundishwa.

#22 MzeeWaMasijala

Hilo hata sisi tulikuwa nalo! Mkubwa akiona dokezo lina walakini lakini hataki kumvunja kijana, anaandika neno moja pembeni: "Tuongee." Na saini. Unapanda ofisini kwake, mnazungumza, unashuka unaandika dokezo jipya. Hakuna aliyekataliwa.

Fundi, mfumo wako una "Tuongee"?

#23 Mwanakwetu77

Fundi kabanwa pande zote leo. Mzee kamaliza na nondo. 😄

#24 FundiKurasini

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo tangu jana usiku, na naandika hili kwa uzito.

KigaliKaribu, nimeona. Tarehe 7 Aprili 2022 mfumo ulinyamaza, na si kwa sababu tulijua lolote. Ulinyamaza kwa kuwa kwetu ni Siku ya Karume na sikukuu zetu tulizichomeka ndani kabisa ya msimbo. Tarehe 8 ukaamka, ukatuma ujumbe 23 wa kukumbusha kwa wakuu wa idara, kila mmoja una neno UMECHELEWA kwa herufi kubwa nyekundu. Wiki ya Kwibuka, maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Baadhi ya watu wale huenda walikuwa makaburini. Hakuna aliyetulalamikia hata mmoja. Tarehe 26 Aprili wao wako kazini, mfumo umelala: Muungano wetu. Nimempigia simu mwenyeji wetu wa wakati ule nikamwomba radhi. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

MhasibuKariakoo, ndiyo, bei ilikuwa kwa dola na kwa kichwa. Kodi ya zuio hatukuihesabu.

Mzee, "Tuongee" hatuna. Ila nimewauliza wateja wetu wa Dar. Watu wanabonyeza "kataa", kisha wanapiga simu kueleza kwamba hawakumaanisha kukataa. Miaka sita tunahesabu kukataliwa ambako hakukuwepo.

Kwenye fedha sijashindwa kabisa, lakini. Kutengeneza kalenda ya kila nchi, kuoanisha na eTIMS, kumwajiri mtu wa Mombasa wa kupokea simu saa nne usiku, vyote hivyo ni fedha.

#25 Shabani_wa_Posta

Ndicho nilichosema tangu #4!

#26 KigaliKaribu

Asante kwa kuangalia, na kwa simu uliyopiga. Ongeza Umuganda, kazi za pamoja za jamii, kwenye kalenda yako, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi.

#27 BenkiZamani

Nimesoma wote, naongeza moja. Nimefanya benki miaka 14. Tulinunua mfumo wa michakato kutoka Asia, kampuni sitaitaja. Kwa vipengele haukuwa bora kati ya ile minne tuliyoonyeshwa. Ulishinda kwa sababu walileta vijana sita wakakaa kwetu miezi minane, wanakula nasi kantini, wanajua nani anamwogopa nani. Mkopo ulikuwa unapita meza 11. Wao waligundua meza nne zilikuwepo kwa sababu ya mtu aliyekwisha hama tawi. Walipoondoka, hakuna aliyeweza kubadilisha hata hatua moja bila kuwaita, na kuwaita kuligharimu sana. Kwa hiyo waliuza watu, na watu wakaondoka.

#28 BintiNyali

Fundi, njoo Mombasa. Usije na kompyuta, njoo na kalamu na karatasi. Nitakutembeza na LPO moja tangu fundi mitambo anapoomba belti mpaka msambazaji analipwa. Inapita meza saba, na mbili kati ya hizo hazimo kwenye mwongozo wetu wowote.

#29 Mchambuzi_Hamburg

Nenda, lakini mwangalie BenkiZamani kwa jicho la pili. Ukikaa na kila mteja hivyo unakuwa mshauri, hukui haraka. Camunda waliweza kwa sababu kila walichojifunza kwa mteja mmoja walikirudisha kwenye injini.

#30 FundiKurasini

BintiNyali, Jumatatu niko kwenye basi, nitakutumia ujumbe nikifika.

Kitufe cha "Tuongee" tumeanza kukijenga leo asubuhi, tukagombana wote watatu. Mkubwa akikibonyeza, ile saa ya siku mbili isimame au iendelee kuhesabu?

#31 MzeeWaMasijala

Isimame. Jalada liko kwenye mazungumzo.

#32 BintiNyali

Iendelee! La sivyo kila bosi mvivu atabonyeza hicho na kwenda nyumbani.

#33 SeyyidMatrah

Isimame mpaka mmoja wao aandike kwamba wameongea. Na Ijumaa isihesabiwe.